Shukrani kwa Mteja Mchovu

Ukitaka kumuudhi mwanamke huyu, usihangaike kumtukana. Mwandikie tu kwamba programu yake haifanyi kazi, kisha usieleze haifanyi nini, kwenye mashine gani, wala ulibonyeza wapi. Atakujibu kwa maneno manne, yale yale aliyoyatumia miaka kumi na moja: "Bila logi hakuna jibu." Logi ni lile faili ambalo kompyuta huandika humo kila inachokifanya, mstari kwa mstari, na yeye aliliamini kuliko alivyomwamini binadamu yeyote. Kwa binadamu aliowahi kukutana nao, mimi simlaumu.

Mafundi matairi wa chini walimwita Bi Printa. Ofisi yake ilikuwa juu yao, vyumba viwili: cha mbele cha mdogo wake wa kiume, chenye meza ya kioo na viti vya wageni, na cha nyuma chake yeye, chenye printa za risiti kumi na tisa zilizobanana kwenye rafu. Hiyo ndiyo kampuni nzima. Mdogo mtu alitafuta wateja, wenye maduka na wauza dawa; dada mtu akawatengenezea programu za kuuzia. Kazi ya kompyuta alimfundisha yeye mwenyewe huyo mdogo wake, tangu hajui hata kushika kipanya. Watu walimwita Meneja, kwa vile alipenda kuitwa hivyo.

Pembeni ya kampuni, Bi Printa alikuwa na mzigo mwingine aliojitwika mwenyewe. Ilikuwa programu ndogo inayoiwezesha kompyuta yoyote kuelewana na printa yoyote ya risiti, hata zile za bei chee zisizo na jina wala mwenyewe. Aliitoa huria: yeyote aichukue, aisome ndani, airekebishe, asimlipe mtu. Watu wakaichukua, nchi kwa nchi, na kila asubuhi kabla hajagusa kazi ya wateja alikaa saa mbili nzima akiwajibu watu asiowajua. Asante ya punda ni mateke. Waliopewa bure ndio waliolalamika zaidi, na aliyewashinda wote kwa mdomo alijiita Mteja Mchovu.

Huyo Mchovu alianza kwa malalamiko ya kawaida, kwamba risiti zake zinatoka na karatasi tupu urefu wa mkono. Alipoambiwa alete logi, akaleta matusi. "Huyu mama amechoka," aliandika. "Amwachie mwenye akili." Wiki iliyofuata: "Kama huna muda na sisi, funga, tukatafute kwingine." Na hayo yote hadharani, maana kwenye mradi huria kila barua husomwa na kila mtu. Bi Printa hakuzaliwa na ulimi wa kubembeleza. Alimjibu kwa ukali, na wengine wakamshangilia Mchovu. Miezi mitano ikaenda hivyo. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akaanza kuogopa kufungua kompyuta yake mwenyewe.

Jumatano akaamua kuufunga mradi. Aliandika barua ya kuaga, aya tatu, akapanga kuituma Ijumaa saa sita mchana. Kabla ya hapo akampelekea mdogo wake aisome.

Meneja aliisoma mara mbili. "Pumzika, dada," akasema kwa upole. "Umewapa vya kutosha. Hawa watu hawana shukrani." Akatuma chai iletwe, akammiminia mwenyewe. Bi Printa aliinywa chai ile nusura alie, akajiambia kwamba ukikosa watu wote, wa tumbo moja yupo.

Hebu ona mambo yalivyo. Alhamisi asubuhi, mtunza maktaba mmoja wa nchi ya mbali, aliyekuwa amechoshwa na kelele za Mchovu, alimwandikia mbele ya wote: "Miezi mitano hujaleta logi hata moja. Wewe ni mwongo. Printa yenyewe huna." Mwenye busara angenyamaza, kwa kuwa alibakiza siku moja tu ashinde. Lakini Mchovu alikuwa fundi, na fundi wa kompyuta ana ugonjwa wake. Mwite mwizi, atacheka. Usimwite mwongo juu ya kasoro anayoiona kwa macho yake mawili. Saa saba mchana logi ikaletwa, imenyooka, haina kilichopungua.

Bi Printa aliikuta aliporudi kutoka dukani kwa mteja. Mstari wa tatu wa logi hutaja jina la printa. Watu wengi huziacha na majina ya kiwandani, herufi na namba tupu. Hii iliitwa Mama Mkwe.

Akainua macho kwenye rafu. Mama Mkwe alikuwa pale pale, wa pili kutoka kushoto, printa aliyoipa jina hilo yeye mwenyewe kwa sababu kila unachoipelekea inakikataa. Risiti ilikuwa inaning'inia mdomoni mwake, na chini yake karatasi tupu, urefu wa mkono. Aliigusa. Ilikuwa bado ina joto.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini huyu alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwake, nyuma ya meza ya kioo, anakula karanga.

"Ni wewe," Bi Printa akasema.

Meneja hakuuliza ni mimi nini. "Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Miezi mitano?"

"Nilikwambia kwa mdomo wangu mara tatu. Nikakwambia duka la dawa la pale kona halitoi risiti tangu asubuhi, ukaniambia nisubiri umalize. Umalize nini? Kumjibu mtu usiyemjua, ambaye hajawahi kutununulia hata kalamu. Wateja wetu wananitukana mimi, wewe umejifungia na watu wako."

"Ndiyo ukaona na wewe unitukane."

"Nitajie neno moja nililoandika la uongo."

Alilitafuta. Hapo ndipo alipoumia kweli, kwa sababu hakulipata. Karatasi tupu ilikuwa kweli, kukosa muda kulikuwa kweli, hata kuchoka kulikuwa kweli.

"Ile chai," akasema mwishowe.

Meneja akainamia karanga zake.

Bi Printa alirudi chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Barua ya kuaga akaifuta. Kisha akaitafuta kasoro, na kumbe ilikuwa yake: mstari wa punguzo la bei ukizidi urefu, programu ilihesabu nafasi mara mbili. Dakika arobaini ikawa imepona. Kila rekebisho huwekwa pamoja na maelezo ya kumshukuru aliyeleta taarifa, na maelezo hayo hubaki milele. Hasira ilikuwa bado haijamtoka. Aliandika majina ya mdogo wake, yote matatu, na jina la kampuni yao, kisha: "Namshukuru ndugu yangu huyu, aliyenitukana hapa miezi mitano akijiita Mteja Mchovu." Akabonyeza.

Hazikupita saa mbili, simu za chumba cha mbele zikaanza. Mwenye duka la dawa alitaka kujua kama na risiti zake zilikuwa zinaharibiwa makusudi. Mwenye duka la viatu hakuuliza kitu, alisema tu waje wachukue mashine yao. Meneja akagonga mlango, akafunguliwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mpaka mama kasomewa," akasema. "Futa, dada."

Bi Printa alifungua mdomo akatae, akakuta hataki kukataa. Alitaka kufuta kuliko alivyowahi kutaka chochote. Lakini kila anayeichukua programu ile huchukua na historia yake yote, na kufikia saa hiyo ilikwisha kunakiliwa kwenye mashine za nchi ambazo hata kuzitaja hawezi.

"Unajua haifutiki," akasema. "Nilikufundisha mwenyewe."

"Najua. Futa hivyo hivyo."

Basi akavuta kiti, akafuta kwenye mashine yake, moja kati ya maelfu, huku mdogo wake amesimama nyuma yake akisoma kila mstari. Alipomaliza, Meneja hakumshukuru. Aliteremka kwa mafundi matairi, akawaomba waje wamsaidie kushusha vitu vyake.