Maji ya Kumngoja Mama

Siku yangu ya kwanza kazini Matroni, msimamizi wetu, hakunipa mtoto. Alinipa karai la maji na mwanasesere wa plastiki, akaniambia nimuogeshe. Mimi niliyelea wadogo zangu wote kule Kitui! Nikajiambia, huyu mama ananichezea. Mwanasesere akaniteleza, akazama.

"Huyo ashaenda," Matroni akasema. "Anza tena."

Hiyo ilikuwa Kawangware, Nairobi, kwenye kituo tulichotunzia watoto wa akina mama wa vibarua. Nyinyi wa siku hizi mna vipimajoto. Sisi tulipima maji kwa kiwiko, maana kiganja cha mtu anayefua kila siku kimekomaa, hakisikii moto. Shingo ya mtoto unailaza juu ya mkono wako wa kushoto, vidole vimshike kwapani. Mikunjo ya shingo huoshwa kwanza, kwa sababu maziwa huchachia hapo. Na jioni, kabla mama hajafika, kila mtoto aliogeshwa tena na kupakwa mafuta. Matroni hakutaka mtoto arudishwe na uchafu wetu. Watoto walizoea. Ukishamvalisha tu baada ya maji ya jioni, anatazama mlango.

Baadaye tulihamia Kibera, karibu na soko la Toi, na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikatukuta huko. Asubuhi moja ya Januari palionekana pametulia, akina mama wakaenda kazini. Mchana barabara zikafungwa. Wengine waliwahi kuchukua watoto wao. Mama Akinyi, aliyekaa kijiji cha Raila humo Kibera na kusuka nywele stendi ya Kawangware 56, hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mwanawe Akinyi alikuwa bado anatambaa.

Tukabaki naye kituoni. Wauza maji walikuwa wamefunga, tulikuwa na mtungi mmoja tu. Jioni ya pili nikapasha maji kidogo, nikayamimina kwenye karai.

"Wee Mama Mwende, hayo ni ya kunywa," Matroni akaniambia. "Halafu ukimuogesha ataanza kungoja. Wacha asahau kidogo."

"Akisahau, nitamwambia mama yake nini?"

"Na kama mama haji?"

Niliogopa sana. Nilimuogesha tu, mikunjo kwanza, nikampaka mafuta. Akatambaa hadi mlangoni, akakaa hapo akilia mpaka usingizi ukamchukua. Roho iliniuma, nikaona Matroni alikuwa sahihi.

Jioni iliyofuata sikugusa karai. Matroni ndiye aliyelileta. Alikuwa amejinyima maji yake ya chai, akayamimina humo.

Akinyi alikuwa ndani ya karai mlango ulipogongwa. Mama yake aliingia peku, vumbi hadi magotini. Alikuwa amefichwa na mteja wake mpaka njia ikapitika. Nilidhani atamnyakua mtoto. Alipiga magoti, akaingiza kiwiko majini.

"Hayajapoa?" akaniuliza, kisha akalia.

Nimestaafu sasa, magoti yamekataa. Wasichana wanaoanza kazi huniuliza, mbona kuhangaika na maji ya jioni, na mtoto atachafuka tena nyumbani? Nawaambia, ukimuogesha mtoto jioni unamuahidi kwamba mama yake anakuja, na si wewe utakayeitimiza ahadi hiyo. Muogeshe tu.