Folda ya Kioo

Ofisini walimwita Bi Subira, na si kwa sababu alikuwa nayo. Aliwagawia wengine. Kila barua pepe aliyowaandikia wateja wa kampuni ile ya simu iliishia kwa maneno yaleyale, "tunaomba subira yako," na wapo waliosubiri mpaka simu zenyewe zikawa vitu vya makumbusho.

Kazi yake inahitaji maelezo kidogo. Simu za kampuni ile, kama simu nyingi duniani, zilibeba ndani yake kiini cha programu huria: msimbo ulioandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wakautoa bure. Bure, ila kwa sharti. Leseni ilisema chukua, badilisha, uza. Lakini aliyenunua simu yako akitaka kuuona msimbo wa kiini hicho kama ulivyoubadilisha, mpe, tena mpe wote, pamoja na maelekezo ya kuujenga upya. Kampuni iliipenda sana sehemu ya kuchukua. Sehemu ya kutoa iliwekwa meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo, na hapo ndipo alipokaa Bi Subira.

Meneja alimpa utaratibu mfupi. "Anayeuliza mara ya kwanza, msubirishe. Mara ya pili, mdai risiti na picha ya simu. Akirudi mara ya tatu na kuitaja leseni, huyo anajua haki yake. Mpe kila kitu kabla hajatuletea wakili."

Wengi waliishia kwenye risiti. Nani anatunza risiti ya simu? Bi Subira aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa "ndiyo" maishani alikuwa amepewa mamlaka ya kusema "bado".

Kwao, ndiyo zote zilikwenda kwa mdogo wake. Yeye alizaliwa kwanza. Mdogo wake alizaliwa na akili, au ndivyo mama yao alivyotangaza mapema, na mama akishatangaza hakuna rufaa. Karo ilipomtosha mtoto mmoja tu, hapakukaliwa kikao. "Wewe mkubwa, utaelewa," mama alimwambia. Akaelewa. Akatoka shule, akaosha vyombo vya watu, akajilipia mwenyewe mafunzo ya kompyuta, na katika miaka yote hiyo hakuacha kuelewa hata siku moja. Nyumbani walijua anafanya kazi ofisini. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni ofisi gani, wala humo anafanya nini.

Mdogo mtu naye akawa fundi simu mwenye kibanda nyuma ya soko, na watu walimwita Daktari. Simu iliyokatiwa tamaa na mafundi wengine aliiflashi: aliufuta mfumo wa kampuni na kuweka mwingine, uliotengenezwa na watu wa kujitolea, na simu ikarudi hai. Alikuwa fundi mzuri kweli, sina budi kusema, tena mwenye maneno mengi kuliko bisibisi.

Basi kampuni ikatoa sasisho la mwisho la simu zake fulani za zamani, na baada ya sasisho hilo vioo vikaacha kusikia kidole. Simu inawaka, picha unaiona, unaibonyeza weee, kimya. Kampuni ikatangaza kwamba toleo hilo hailihudumii tena. Majirani wakazibeba simu zao hadi kwa Daktari, wengine zikiwa na picha za marehemu wao ndani, na yeye akafungua mdomo. "Niachieni hapahapa. Nitazifufua zote, na picha zenu zote." Sanduku likajaa. Alichohitaji ni msimbo wa kiini tu, aone jinsi kioo kinavyozungumza na simu, kisha ajenge mfumo mpya.

Barua pepe yake ya kuuomba ilipofika, Bi Subira aliliona jina la ukoo wao kabla ya kusoma lolote. Akajibu: tunaomba subira yako. Chini ya majibu yake hapakuwa na jina la mtu, paliandikwa Dawati la Wateja.

Jumapili walikula kwa mama. Daktari alisoma jibu lile kwa sauti, akiigiza ya karani anayebana pua.

"Huyu aliyeandika hivi," akasema, "sijui alinyonya maziwa gani."

"Mungu anamwona," mama akajibu.

Bi Subira akaomba apitishiwe chumvi.

Mara ya pili alidai risiti na picha. Daktari alizungukia wateja wake wote mpaka akapata mmoja aliyeitunza. Mara ya tatu akaitaja leseni, kifungu kwa kifungu, kwa heshima. Kwa utaratibu wa meneja, alistahili kifurushi kizima, na kifurushi kilikuwepo, wahandisi walishakiandaa. Kubofya mara moja tu.

Lakini mchana ule Bi Subira alikuwa amemuuliza mhandisi swali, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda. Hivi mtu akipewa folda ya kioo, ile yenye msimbo wa kukiendesha, ya toleo la mwanzo la simu badala ya hili, atajua?

Mhandisi alicheka. "Atajuaje? Jina lilelile, faili zilezile, kioo tofauti. Mfumo utajengeka bila tatizo, simu itawaka. Ila haitasikia kidole. Jamaa atatafuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe mpaka aote mvi."

Bi Subira naye alicheka. Kisha akarudi mezani, akabadilisha folda, akatuma. Wapo watakaosema aliogopa kuipoteza kazi yake. Kazi ilimwagiza kutoa. Yeye ndiye aliyenyima.

Daktari alishangilia kama aliyepata mtoto. Alijenga mfumo, akaupakia kwenye simu ya kwanza, ikawaka, akampigia dada yake akihema: "Dada, imewaka!" Akaweka kidole. Akaweka kingine. Akafuta kioo kwa shati. Akarudia kazi yote toka mwanzo, na wiki iliyofuata tena, na mvua zikaja na kwisha akiwa anarudia. Mafundi wenzake wa mtandaoni walimwambia kama msimbo amepewa wote, basi kosa ni lake. Akaandika mara ya mwisho, kwa unyonge: samahani kwa usumbufu, je, mna hakika mlinipa wote?

Bi Subira alifikiri sana kabla ya kujibu. Aliandika: "Tumekutumia msimbo kamili. Upungufu wa ujuzi hauhusiani na leseni."

Jibu hilo Daktari alilisoma kwa mama bila kuigiza sauti ya mtu.

Wenye simu walikuja kuzichukua mmoja mmoja, na jina likabadilika. Kibanda kile wakakiita Mochwari: simu zinaingia, hazitoki nzima. Watoto waliokwenda sokoni walilipigia kelele jina hilo. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alisimama mlangoni na simu yake, akamwambia, "Bora ungesema huwezi." Daktari akafunga kibanda, akauza vifaa, na kompyuta ikafuata.

Dada yake ndiye aliyemtafutia kazi kwenye ghala la kampuni, kufunga kwa utepe maboksi ya simu mpya. Asubuhi alimpita mlangoni, na mdogo wake akasimama na kusema "Shikamoo, dada" mbele za watu. Na siku moja mama alimshika Bi Subira mkono akasema, "Mwanangu, kumbe kichwa cha nyumba hii ulikuwa wewe." Alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu utotoni. Yalikuwa matamu. Ningependa kusema yalimchoma, ila sitamsingizia.

Kisha chama kimoja cha waandishi wa programu kikaibana kampuni, na meneja akaamuru msimbo wote uwekwe wazi mtandaoni. Bi Subira aliuweka mwenyewe, na folda sahihi ya kioo. Haikupita muda, kijana mmoja wa ng'ambo akatangaza kwamba simu zile zinasikia kidole.

Jumapili, kwa mama, mdogo wake alikuwa ameisikia habari ghalani. Alikula polepole, mikono yake ina vidonda vya maboksi.

"Dada, kijana huyo ameweza kwa siku chache tu," akasema. "Nilitaka kukuuliza, wewe uko huko ndani. Msimbo waliouweka ni uleule walionitumia mimi?"

Hakumtuhumu. Aliuliza kama mgonjwa anayeuliza majibu ya kipimo, na kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Kama sio uleule, basi hakuwahi kuwa mjinga. Angeweza kutembea tena nyuma ya soko.

"Uleule," dada yake akasema.

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei.

"Basi vizuri," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuwadhania watu vibaya."

Akaendelea kula.