Zamu ya Mtu wa Mtumbwini

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa kumi jioni, taa zote zikiwaka, katika hoteli moja ya Dubai nilikokuwa mlinzi. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimechoka tu, zamu mbili mfululizo bila kuketi.

Nililinda ukumbi wenye picha kubwa ya mto. Ukiikaribia, unaona mabaka ya rangi tu. Ukirudi nyuma hatua sita, mabaka yanakuwa maji, ukungu, na jua la asubuhi limelala juu yake. Katikati kuna mtu ameketi mtumbwini. Nilimwonea wivu sana yule mtu.

Basi nikasikia, "Kijana, nipokee zamu. Nimechoka."

Mzee alikuwa kando yangu, suruali imelowa hadi magotini. Kwa nini sikujiuliza katoka wapi? Niamini, mwili uliochoka hauulizi. Tena sisi walinzi hatunyimani. Mwenzako akikuomba umpokee, unaandika jina lako kitabuni, khalas, zamu ni yako.

"Zamu yenyewe wapi, mzee?"

"Hapo tu. Ni ya kukaa."

Ya kukaa! Nikakifungua kitabu cha zamu mezani.

Mimi niliishia darasa la saba, naandika polepole, herufi moja moja. Herufi ya kwanza, baridi ikaniingia viatuni. Ya pili, nikasikia maji. Ya tatu, suruali ya mzee ikakauka, na ule mwanga wa pichani ukanizunguka. Ndipo nikaona kwamba jua lile halipandi wala halitui.

"Umekaa huko tangu lini?" nikauliza.

"Tangu asubuhi. Huko ni asubuhi tu. Malizia jina, mwanangu."

"Bado unaandika?" Njoroge, wa zamu ya jioni, alikuwa mlangoni anacheka. "Wewe ungepewa Biblia unakili, Yesu angerudi hujamaliza Mwanzo!"

Kalamu ikaniponyoka. Mzee hakuwepo. Kitabuni palibaki herufi tatu, na viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji. Njoroge alidhani nimepiga teke ndoo ya usafi.

Nikarudi nyuma hatua sita. Yule mtu wa mtumbwini sasa amesimama, anatazama huku.

Siku hizi nalinda ghala mtaa wa Al Qusais, na miguu yangu haijapata joto, hata Agosti, Dubai inapowaka kama tanuri. Wenzangu hunicheka nikikataa kuwapokea. Wewe je, umechoka? Pole. Lakini mtu usiyemjua akikuletea zamu ya kukaa, simama hapo hapo ulipo. Usiandike hata herufi moja, hasa kama unaandika haraka.