Mapacha wa Kizazi cha Kumi na Tisa

Devdan Barot alikuwa ametimiza miaka sabini na minne, na kazi yake ilikuwa ileile ya baba zake: kuhifadhi nasaba ya ukoo wa Sarvela katika vijiji vya Saurashtra, India, kama walivyofanya akina Barot wote. Mtoto wa kiume hakuandikwa kitabuni mpaka Barot asome majina yote bila kukatizwa, tangu Sarvo, aliyetoka katika moto wa kafara akiwa na suke la mtama mkononi, hadi baba wa mtoto mwenyewe. Akikatizwa, hurudi motoni, aanze upya.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa ameandika hata mtoto mmoja. Kizazi cha kumi na tisa kilikuwa cha mapacha, Nagji na Vijo, na wazao wao walikuwa wangali wakigombania nani alitangulia kutoka tumboni, na kila usomaji ulikatizwa hapo.

Asubuhi ile alikuja kwa ajili ya Jasuba, mjane kijana. Mwanawe asipoandikwa, mstari wa marehemu mumewe ungefungwa kama wa mtu aliyekufa bila mbegu. Naye Barot, ambaye koo lilikuwa likimuuma tangu masika, alijua kwamba usomaji uliombakia si mwingi.

Akakigusa kitabu kwa paji la uso, akawasha taa ya samli, akaanza. Moto, suke, njaa, kuhama. Kizazi cha kumi na nane. Akavuta pumzi.

"Nagji na—"

"Hapo hapo!" Mzee Bhimsinh aliruka. "Kwa nini Nagji mbele? Vijo ndiye mkubwa!"

"Mkubwa wa nini?" akacheka Mzee Kalubha, wa upande wa Nagji. "Vijo alitoka akimfuata kaka yake kama mbuzi anayefuata mashudu."

"Bapu zangu, wazee wangu, nawasihi kwa jina la Mata, mungu mama wetu," akasema Barot, "gombaneni nikishamaliza. Hao wamekufa miaka mia nne, hawana haraka."

"Basi mtangulize Vijo."

"Kwa wino wa nani? Babu yangu ndivyo alivyoandika."

"Babu yako alikunywa chai kwao!"

Akarudi motoni. Mara ya pili wakamkatiza palepale. Mara ya tatu vilevile, na sauti yake sasa ilikuwa ikikwaruza.

Ndipo Jasuba aliposema kutoka nyuma ya pazia la wanawake, "Bapu, mkishamaliza kumzalisha bibi yenu, mtaniambia mwanangu ni wa nani."

Wazee wakainamisha vichwa. Barot akaanza mara ya nne. Kizazi cha kumi na tisa kikapita, hakuna aliyekohoa. Cha ishirini. Cha ishirini na mbili. Kwenye cha ishirini na tatu, sauti ikakatika.

"Kunywa maji, Barotji," akasema Kalubha kwa upole. "Tunangoja."

Akanywa. Midomo ikacheza, kisitoke kitu. Kwa hasira akawageuzia kitabu, akagonga kidole kwenye jina linalofuata. Wazee wawili wakakikodolea macho, bega kwa bega. Hati ile ya akina Barot hakuna aliyeijua pale ila yeye.

"Kesho basi, Barotji?" akauliza Jasuba nyuma ya pazia. "Barotji?"