Ufagio wa Mtani

Nilipomaliza masomo ya ualimu pwani, kabla ya kupangiwa shule, niliomba ruhusa ya kusafiri. Chuoni tulifundishwa majina ya wafalme wa Kidachi, yaani wa Ujerumani, na mito ya kwao, nami niliona haya kusimama mbele ya wanafunzi bila kujua wazee wa nchi yetu wenyewe walilala wapi. Niliazimia kuzunguka nchi na kutazama mahali palipohifadhi kumbukumbu zao: misikiti ya kale, ngome, makaburi, misitu ya matambiko.

Nilianzia Kaole, ambako mizizi ilikuwa imekumbatia kuta za msikiti, na makaburi yalisimamishiwa nguzo za mawe. Nilishinda pale mchana kutwa. Hapakuwa na mtu wa kunieleza ni nani aliyelala chini ya nguzo ipi. Niliondoka na heshima kubwa moyoni, lakini bila habari yoyote.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda gari moshi hadi Morogoro. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kuupita mji, na vijana wengi wa milimani walikuwa wameifuata upande wa Kilosa kutafuta kazi. Mwenye nyumba niliyofikia, muuza chumvi, aliniambia kwamba mlimani, juu ya Bigwa, kuna kijisitu chenye makaburi ya ukoo mmoja wa Kiluguru, na kwamba mgeni haingii humo.

Asubuhi nilipanda. Njia ilipita katikati ya migomba na mashamba ya maharage yaliyoning'inia mteremkoni, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Nilimkuta bibi mmoja uani akichambua maharage, na kando yake mwanawe, mtu mzima mwenye mvi za kidevu, akinoa jembe. Nilivua viatu, nikainama, nikatoa shikamoo zangu, nikaeleza kwa adabu zote nilizofunzwa kwamba ningependa, kwa idhini yao, kuyaona makaburi ya wazee.

"Umetumwa na akida wa serikali?" aliuliza bibi.

"Sikutumwa na mtu, bibi. Nimekuja kuona tu."

"Kuona nini? Msitu una miti. Kwenu hakuna miti?"

Mwanawe ndiye aliyenieleza shida yao, labda ili niondoke. Mjomba wake, kaka wa bibi yule, alikuwa amefariki, na mpwa huyu ndiye aliyechaguliwa kurithi jina lake na kuugawia ukoo mashamba, kwa kuwa kwa Waluguru urithi hupita upande wa mama. Lakini jina halirithiwi mpaka makaburi yafagiliwe, na anayefagia hawi mtu wa ukoo, ni mtani, mtu wa kabila wanalotaniana nalo. Mtani wao, Mzigua aliyekuwa akiishi Mlali, alikuwa ameifuata reli. Mawingu ya mvua yalikwisha kuanza kukaa kileleni, na hakuna aliyethubutu kupanda mbegu katika shamba ambalo hajagawiwa.

"Mimi ni Mzigua," nikasema.

Bibi aliacha maharage. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kwenye kofia.

"Mzigua? Na tangu ulipofika unanipa shikamoo?" Akamgeukia mwanawe. "Mwongo huyu. Mzigua angekuwa ameshanyang'anya kuku."

Aliinuka, akanivua kofia yangu ya kitambaa cheusi, ile niliyonunua nilipohitimu, akaivaa. "Hii yangu."

"Ichukue, bibi," nikajibu kwa upole.

Hapo walikata shauri kabisa kwamba mimi ni mpelelezi. Mwanawe akarudia kunoa jembe lake. Nilisimama pale na adabu zangu, zikinizuia kupata kile ambacho kwazo nilidhani nitakipata. Nikakumbuka jinsi bibi yangu kule kwetu alivyokuwa akiwapokea Waluguru waliopita na mizigo: aliwaita wezi, wavivu na walafi, kisha akawapikia. Nilipokuwa mdogo nilidhani anawachukia.

Nikajikaza. "Enyi Waluguru," nikasema, "ninyi ni watu mnaoishi mlimani kwa sababu tambarare imewakataa."

Bibi akacheka hadi kofia ikamwangukia machoni.

"Anatukana kama anasoma hotuba," alisema. "Haya, endelea, mwalimu."

"Na wafu wenu mmewaacha kwenye majani kama shamba la mlevi. Jogoo yule ni wangu. Nipeni ufagio, kabla marehemu hajaamka kufagia mwenyewe."

"Huyu ndiye," alisema mwanawe, akaweka jembe chini.

Nakiri nilisita njiani kwenda msituni kwa ajili ya dini yangu, nikamwuliza bibi kama nitatakiwa kuabudu chochote.

"Nani atakubali kuabudiwa na Mzigua?" alijibu. "Wewe fagia."

Kufagia kaburi la mzee hakuna mwenye imani anayeweza kusema ni dhambi, nami nikatangulia kuingia. Humo hamkuwa na nguzo wala mawe ya kuchongwa. Palikuwa na vilima vidogo vya udongo na vyungu vilivyotobolewa vikiwa vimepinduliwa kwenye vichwa vya makaburi. Nilifyeka majani, nikafagia kwa ufagio wa chelewa hadi udongo ukaonekana mwekundu. Bibi alinifuata nyuma akinionyesha kila aliyelala: huyu alileta mbegu ya mpunga, huyu alikuwa mkali kwa wake zake, huyu alikufa akicheka. Kila mmoja nilimtukana kidogo, kama ilivyonipasa, na kila nilipofanya hivyo niliona nimemfahamu. Mwanawe akanyunyiza unga na maji.

Kaburi jipya lilikuwa la mwisho. Nilipomaliza, bibi aliniambia kwamba mtu wa kwanza kumwita mrithi kwa jina la mjomba wake ni mtani. Jina lenyewe ni lao, sitaliandika hapa. Nililiita kwa sauti, nikaongeza kwamba mwenye jina ni mvivu na mbegu zinamsubiri.

Mtu mzima yule mwenye mvi za kidevu alilitazama kaburi, kisha akaitika. Mama yake naye akamwita "kaka".

Jioni ile aligawa mashamba. Mimi niliteremka kwenda Bigwa kichwa wazi, nikiwa nimembeba jogoo kwapani. Kofia ilibaki kwa bibi, aliyeniahidi kwamba sitaiona tena mpaka majani yatakapoota makaburini.