Grupu Ndani ya Shimo

Waasi walipokaribia Goma, watu wa Kyeshero walianza kuficha vitu. Mwingine alifukia masufuria, mwingine alipandisha magodoro juu ya dari. Sisi tulikuwa na kitu kimoja cha kuficha, nacho kilikuwa kizito na chenye kelele: grupu, ndivyo tunavyoita jenereta kwetu. Ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, na ilikuwa inalisha kongelateri mbili za kugandishia samaki.

Samaki walikuwa wa wifi yangu, dada mukubwa wa mume wangu. Alikuwa mujane wa muvuvi wa Vitshumbi. Vita vilipomutoa kule alikuja kukaa kwetu, na samaki wakawa wanamufuata kwa lori wakiwa wamelala katika barafu. Mashine ilikuwa kazi ya mume wangu. Alikuwa mutu wa maneno machache, lakini ukimuuliza habari za grupu angekuweka mpaka chakula kipoe. Hakuiwasha hata siku moja bila kuchomoa kijiti cha oili na kukipangusa kwenye suruali yake. Akishaiwasha aliiacha ipate moto kwanza, ndipo aunge kongelateri ya kwanza, asikilize, kisha ya pili. Hakuongeza mazutu mashine ikiwa ya moto. Hakupenda pia itembee bila muzigo; alisema mashine isiyo na kazi inakula mafuta bure na kujipaka masizi ndani. Kwa hiyo majirani walileta simu zao kuchaji, na yeye alifurahi kana kwamba wao ndio wamemusaidia.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Murara. Volkano ilishuka ikaila, na hata pale mulango ulipokuwa sikuweza kupatambua tena. Ndipo tukaja Kyeshero, kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano ya zamani sana, ambayo hata muzee wa jirani hakujua ilishuka lini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo. Mawe yalikuwa yamebomoka yenyewe yakaacha kama chumba kisicho na dari, na mutu akisimama ndani, kichwa chake kilifika chini kidogo ya ukingo. Tulikuwa tunaivishia ndizi humo. Tulishuka na kupanda muchana bila kufikiri lolote.

Mume wangu aliamua kuishusha grupu humo. Alifikiria moshi kabla ya kitu kingine. Aliunga bomba refu la chuma kwenye egzosi, akalipandisha mpaka juu ya ukingo na kuligeuza upande wa ziwa, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wa grupu, alisema, unaua mutu akiwa anaota. Kisha tukafunika sehemu kubwa ya shimo kwa mabati na kuweka majani ya mugomba juu. Ukiwa barabarani hukusikia chochote. Ukiwa jikoni ulihisi tu kitu kinatetemeka chini ya nyayo.

Waasi wakaingia. Risasi zililia, kisha zikanyamaza, na huo unyamavu ulikuwa mubaya kuliko risasi. Umeme ulikatika muji muzima. Watu walitembea wakiwa wameshikilia viatu mikononi. Jioni giza lilipokuja, kilichobaki na mwanga kilikuwa mulima wa volkano peke yake, wingu lililo juu yake likiwa jekundu kama jicho la mutu aliyelia. Na sisi, kwa aibu kidogo, tulikuwa na taa moja ndogo jikoni na samaki wetu walioganda.

Grupu ilianza kuzimika yenyewe. Ilitembea vizuri tangu jioni, lakini kabla jua halijatoka nilisikia mulio wake unanenepa, kama wa mutu anayeongea akiwa na chakula kinywani. Taa iligeuka ya manjano, ikawa nyekundu, ikafa. Mume wangu alishuka, akarudi akisema ana usingizi, kichwa kinamuuma. Muchana alishuka tena, akafungua filta ya mazutu, akatafuta maji ndani ya tangi, akakuta kila kitu safi. Aligusa tu kitufe na mashine ikaamka. Kesho yake ikazimika wakati uleule. Akabadilisha filta ya hewa. Ikazimika tena.

Wifi yangu alikuwa mutu wa kanisa, hakupenda habari za mizimu. Lakini asubuhi ile alikaa mulangoni akiwa amejifunika kitenge, akaniambia polepole, bila kuniangalia, "Kuna mutu chini mule anaizima."

Sikumucheka. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuzunguka mbali nilipopita nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa na joto. Ukisimama ukingoni asubuhi ulihisi uvuguvugu ukikugusa miguuni, lakini usoni kulikuwa na baridi ya ziwa. Na kuku wetu, ambao zamani walishuka humo kufuata maganda ya ndizi, walifika ukingoni, wakainamisha shingo, wakarudi. Mumoja hakurudi. Tulidhani askari wamemuchukua.

Asubuhi iliyofuata, mashine iliponyamaza, mume wangu alichukua taa ya mafuta na kusema atakaa nayo mpaka ajue ugonjwa wake. Nilimusikia akisogeza bati. Nilimusikia akikanyaga ngazi za mawe. Kisha nikasikia chuma kikianguka juu ya jiwe, labda spana, na baada ya hapo hakuna kitu.

Nilimuita. Nikaenda nikimuita. Kulikuwa hakuna upepo kabisa, hata majani ya mugomba yalikuwa yamening'inia kama nguo. Nilipotazama kupitia nafasi ya bati nilimuona ameketi chini, mugongo kwenye ngazi, kidevu kifuani, kama mutu anayengoja zamu yake. Taa ilikuwa karibu na muguu wake, imezimika. Pembeni yake kuku wetu alikuwa amelala, na ndege wadogo wawili, manyoya yao yote mazima.

Nilikuwa nimeshaweka muguu kwenye ngazi wakati wifi yangu aliponishika kitenge kwa nguvu mpaka kikachanika.

"Mazuku," alisema. "Usishuke hivyo. Utalala naye."

Neno hilo kila mutu wa Goma analijua. Ni ile hewa mubaya inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, nzito, inayojaa mabondeni kama maji wakati hakuna upepo. Tulisikia jinsi huko Masisi inavyolaza ng'ombe walioinamisha vichwa kula majani, na muchungaji aliyesimama anabaki muzima. Lakini tulidhani iko mbali, mashambani, kule upande wa Bulengo. Hatukudhani ingejaa kila usiku chini ya mabati tuliyoyapanga kwa mikono yetu, ikipanda polepole mpaka kwenye pua ya mashine na kuikosesha pumzi.

Tuliyatupa mabati. Wifi yangu alishika turubai la samaki upande mumoja, mimi upande mwingine, tukapepea shimo lile kama watu wanaozima moto. Kisha akanifunga kamba chini ya makwapa, akanipa nyingine, akaniambia nivute pumzi juu, nisivute tena mpaka nirudi. Nilishuka. Hewa ilinichoma macho na pua, kama soda inapopanda puani. Nilipitisha kamba kifuani kwa mume wangu, vidole vyangu vikiwa kama vya mutu mwingine, na ninachokumbuka tu ni kwamba shingo yake ilikuwa ya moto. Sijui nilivyopanda. Mimi na wifi yangu tulimuvuta, kisigino chake kikigonga kila ngazi.

Tulimulaza uwanjani, upande wa ziwa. Wifi yangu alimupulizia mudomoni, akamupiga kifuani, akamuita jina la utotoni, lile ambalo mama yao tu ndiye alikuwa analitumia. Alikohoa jua lilipokuwa limefika kwenye ukuta. Alitapika, akalia bila sauti, akalala.

Wenye bunduki walikuja siku hiyohiyo. Mumoja aliuliza grupu iko wapi, maana walikuwa wamesikia habari zake. Wifi yangu aliwaonyesha shimo, akawaambia kilichokuwa ndani. Yule aliyeuliza alicheka. Mwenzake, kijana mwenye lafuzi ya hapahapa, alitazama wale ndege wadogo, akamushika yule aliyecheka mukono, na wakaondoka bila kufunga geti.

Grupu tuliipandisha waasi walipokwisha kuondoka mujini, majirani wakisaidia, saa ambazo upepo ulikuwa unavuma. Tuliiweka mahali pa wazi, chini ya paa lisilo na kuta. Samaki walikuwa wameharibika zamani, tuliwazika mbali. Shimo tulilijaza mawe, wiki nyingi za mawe, na mpaka leo majani hayaoti pale katikati.

Mume wangu alipona, ila mukono wake mumoja ulibaki muzito. Kisha siku moja, tukiwa tunapara samaki wapya, aliniuliza kwa nini siku ile tulizima grupu.

Nilimuambia ilikuwa imezimika yenyewe kabla hajashuka. Ndiyo sababu alishuka.

"Hapana," alisema. "Nilikaa chini nikaisikiliza. Ilikuwa inatembea vizuri sana. Haijawahi kutembea vizuri vile."

Wifi yangu aliacha kisu, akamutazama. Halafu akaosha mikono, akaenda kumuletea maji ya kunywa, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.