Kilomita Mia Mbili Nilizotaja kwa Mazoea

Kosa lilikuwa langu. Kamati ya kanisa ilipouliza nitaendesha baiskeli umbali gani ili watu wachangie chumba cha akina mama kujifungulia, nilisema kilomita mia mbili. Mimi ni muuza mitumba soko la Machakos. Ukitaka themanini unaanza na mia mbili, mteja anakushusha, mnakutana. Nikangoja wanishushe. Wakasema amina na kupiga makofi.

Watu wakaahidi kitu kwa kila kilomita. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akivunja kokoto kwa nyundo kando ya barabara ya Kathiani, aliahidi karai moja ya kokoto.

Kwenda Kathiani na kurudi nilipiga hesabu mara mbili, ikawa kilomita arobaini. Kwa hivyo mara tano, kwa siku mbili, juu ya baiskeli nyeusi ya mizigo isiyojua mlima. Siku ya kwanza nilimaliza tatu. Usiku sikuweza kukunja magoti. Nikamwambia Mungu tumalizie hapo, mia na ishirini si haba, na chumba hata kikiwa kidogo ni chumba. Hakujibu. Nilichukua hiyo kuwa ni kukubali.

Asubuhi nilijikokota hadi kwa yule mama nimwambie asijichoshe na zile themanini zilizobaki. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, vidole amevifunga vipande vya tyubu ya baiskeli.

“Mwaitu,” nikasema, yaani mama kwa Kikamba, “nimefika mia na ishirini. Naona zimetosha.”

Hakuacha kugonga. “Zako ziko hapo nyuma. Nilimaliza juzi.”

Nilizunguka nyuma ya kibanda. Kokoto zilikuwa zimepangwa mafungu ya karai kumi kumi, mafungu ishirini. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea. Ishirini.

“Na kama ningeshindwa?”

“Si ulisema mia mbili?”

Aliuliza kama anayeuliza saa. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuichukua bei yangu ya kwanza, na huyu alikuwa ameilipa kwa vidole vyake kabla sijakanyaga pedali.

Nikapanda baiskeli. Milima ilikuwa ile ile, na kiti kilikuwa kimezidi ubaya. Nilimpita mara nne siku hiyo. Kila mara aliinua nyundo kidogo, nami nikainua kidole, mkono haukuwa na nguvu. Niliomba njia nzima, lakini sikuomba kupunguziwa.